Dira na Miamba Yenye Chuma

Sindano ya dira ni sumaku. Ncha yake moja huelekea kaskazini. Chuma kilicho karibu huivuta ikapotoka. Huko Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, iko miamba yenye chuma. Mpima ardhi asipojihadhari, mpaka wa shamba hupinda na majirani hugombana.

Basi, hupima kutoka kigingi A hadi B, kisha B hadi A. Akipata nyuzi 40 na 220, tofauti ni 180: vipimo ni sahihi. B hadi C akipata 100, C hadi B yapasa kuwa 280. Akipata 283, hupunguza nyuzi 3 katika kila kipimo cha C.

Zoezi: Isogezee dira jembe. Unaona nini?