Malaria ikipanda kichwani, ubongo unavimbaje?

SWALI: Mtoto wa dada yangu alishikwa degedege, akapoteza fahamu. Daktari akasema malaria imepanda kichwani, huenda ubongo umevimba kwa kujaa maji. Maji hayo yanaingiaje? Na mbona hawakumjaza dripu? – Mama, Buseresere

JIBU: Pole sana, mama. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata ndani ya mishipa midogo ya ubongo. Damu hukwama, kuta huvuja. Fuvu halitanuki, hivyo ubongo uliovimba hukandamiza sehemu inayoendesha upumuaji. Huko Blantyre, Malawi, watoto wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za MRI: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa (2015).

Ndani ya ubongo, maji hupita kwenye protini iitwayo akwaporini-4, tundu jembamba mno linalopitisha molekuli moja moja. Peter Agre, aliyegundua protini za jamii hii, alipata Nobeli ya kemia mwaka 2003. Akwaporini-4 ina pande mbili: katika kiharusi huingiza maji kwenye seli, lakini mishipa ikivuja husaidia kuyaondoa. Panya wasio nayo walizidiwa zaidi na malaria ya ubongo. Kwa hiyo kuiziba tu kunaweza kudhuru.

Kuhusu dripu, madaktari walifanya vyema. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania (2011) ulionyesha kuwa watoto mahututi wenye homa waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi. Kinachookoa ni sindano ya artesuneti mapema, na kupima sukari ya damu. Degedege likirudi, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali mara moja.