Wino wa Maka Peni Kwenye Shati: Usikimbilie Maji

Opala iko kando ya mto Lomami, na mzigo unaotoka huko kwenda Kisangani kwa njia ya mto huteremka hadi Isangi, Lomami inapoingia mto Kongo, kisha hupanda. Magunia yote yanafanana, kwa hiyo mwenye mali huandika jina lake kwa maka peni. Mkono ukiteleza, wino huishia kwenye nguo. Mtoto naye akiiokota kalamu hiyo, shati jeupe la shule halisalimiki.

Wengi hukimbilia ndoo na sabuni. Wino huu umetengenezwa usiyeyuke kwa maji. Rangi yake huyeyuka kwa alkoholi, basi alkoholi ndiyo ya kuutoa.

Anza kwa kutafuta spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70 au zaidi. Ukiikosa, jeli ya kusafishia mikono inafaa. Lotoko kali, pombe ya kienyeji, ile inayodondoka mwanzo, nayo husaidia, lakini mimi ningeiweka mwisho, maana nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na mbabula, taa na sigara: mvuke wa spiriti hushika moto upesi.

Kwanza jaribu: dondoshea kidogo kwenye pindo la ndani, hasa kama nguo ni kitenge. Rangi ya nguo ikitoka, acha.

Sasa kazi yenyewe. Tandika kitambaa cheupe kikavu, geuza nguo ili doa litazame chini, juu ya kitambaa hicho, kisha loweka upande wa nyuma kwa spiriti. Gongagonga kwa pamba, ukianzia ukingoni kuingia katikati. Usisugue, ukisugua, doa la ukubwa wa sarafu litakuwa la ukubwa wa kiganja. Wino mweusi mara nyingi utauona ukiachia duara la zambarau au buluu kwenye kitambaa cha chini, kwa sababu weusi huo ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Usiogope, ndiyo dalili kwamba unatoka. Sogeza kitambaa upande safi, ongeza spiriti, rudia mpaka kisichukue rangi tena. Hapa ndipo watu huchoka mapema.

Kisha fua kwa maji baridi na sabuni ya mche, usuuze vizuri. Kabla ya kuanika, tazama juani. Kama kivuli kimebaki, rudia ingali mbichi. Pasi ya makaa isiguse nguo hiyo mpaka doa liishe, kwa kuwa joto hulikaza.

Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, ni ya pamba nyeupe tupu, tena baada ya spiriti yote kusuuzwa. Usivichanganye hata tone: mvuke wake ni sumu.

Wino wa uchaguzi, wa kupaka vidole kama wakati wa kura ya Desemba 2023, ni habari nyingine. Wino wa aina hiyo kwa kawaida huwa na nitrati ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi kwenye mwanga na haiyeyuki kwa spiriti. Ukiingia kwenye shati, usipoteze chupa yako. Shati hilo lifanye la shambani.