Mkono Uliosahauliwa na Ubongo

Mtu apatwapo na kiharusi, sehemu ya ubongo hukosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa sababu umepasuka. Seli za sehemu hiyo hufa. Na kwa kuwa nyuzi nyingi za fahamu ziendazo kwenye misuli huvuka upande wa pili chini ya ubongo, dhara la upande wa kushoto hudhoofisha mkono na mguu wa kulia. Hayo mwanafunzi wa baiolojia amekwisha kuyasoma. Lisilosemwa sana darasani ni lile lifuatalo siku za hatari zikisha kupita: mgonjwa yu hai, anazungumza, lakini hawezi kufunga kifungo cha shati. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia ahitajiwapo.

Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kukanda. La hasha. Msuli wa mgonjwa wa kiharusi hapo mwanzo ni mzima. Kilichoharibika ni chombo kitoacho amri. Seli zilizokufa hazifufuki, ila zilizosalia zaweza kujifunza kuichukua sehemu ya kazi hiyo, kwa sharti moja gumu: tendo lirudiwe mara nyingi sana, tena liwe na kusudi, kama kuokota kikombe, wala si kuinua mkono hewani tu.

Kwa nini basi wagonjwa wengi, hata wenye nguvu kidogo zilizobaki, hawautumii mkono huo? Jibu lilitokana na majaribio ya Edward Taub wa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Alikata neva zinazopeleka hisia kutoka mkono mmoja wa nyani, akaziacha neva za mwendo zikiwa nzima. Nyani akaacha kabisa kuutumia mkono ule. Mkono mzima ulipofungwa kwa siku kadhaa, ule uliolala ukaanza kufanya kazi tena. (Majaribio ya namna hiyo yalizua ubishi mkali nchini humo kuanzia 1981 juu ya hali ya wanyama wa maabara, na ubishi huo ulikuwa na haki yake.) Taub alieleza kwamba siku za mwanzo mnyama hujaribu akashindwa, hujaribu tena akashindwa, na wakati huo mkono mzima humpatia chakula bila taabu. Hivyo hujifunza kutokutumia, na funzo hilo hubaki hata uwezo ukisharudi.

Binadamu naye ni vivyo hivyo. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla yake walishirikishwa. Kundi moja lilivishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa majuma mawili, karibu muda wote wa kuwa macho, huku mkono dhaifu ukizoezwa kwa saa nyingi kila siku ya kazi. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa kuliko lililopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo bado baada ya mwaka mmoja. Lakini wote walichaguliwa kwa kuwa waliweza angalau kukunjua kidogo kiwiko cha mkono na vidole. Asiye na mwendo wowote hafaidiki kwa kufungwa mkono wake mzima. Huyo huonewa tu.

Bidii nayo ina wakati wake. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 2,104 katika nchi 5. Walioinuliwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, na kuzoezwa mara nyingi, walipata matokeo mabaya kidogo kuliko waliokwenda taratibu. Mtaalamu hupima kwanza ndipo aamuru.

Nyumbani, makosa mawili hutendwa kwa mapenzi mema. La kwanza ni kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Kiungo cha bega hushikiliwa zaidi na misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono peke yake waweza kukishusha kichwa cha mfupa, sembuse kuvutwa. La pili ni kumlisha mtu awezaye kushika kijiko kwa dakika kumi za jasho. Mimi nalihesabu kosa hili kuwa kubwa, maana halionekani.

Darasa laweza kufanya kipimo kimoja watumiacho wataalamu wenyewe, ambacho kwao hutumia vipande vya mbao vya sentimita 2.5. Gawa boksi katikati kwa kadibodi, jaza vizibo vya soda upande mmoja, na kwa mkono usiouzoea uvihamishe kimoja kimoja kwa sekunde 60. Hesabu, andika, rudia kila siku kwa siku 10, kisha chora grafu. Aghalabu mstari hupanda upesi siku za kwanza, halafu hulala. Mstari wa mgonjwa wa kiharusi hufanana na huo, ila palipo na siku kwako, kwake pana majuma na miezi.