Kumpata Mtafsiri wa Kijapani Anayejua Mifugo

Mashine ya kukamulia iliyotumika Japani inaweza kufika kwenye chama cha ushirika ikiwa na kitabu cha maelezo cha Kijapani pekee. Wengi hukimbilia simu iwatafsirie. Kwa kujua swichi ya kuwashia, simu yatosha. Kwa kipimo cha dawa ya ng'ombe, haitoshi.

Sentensi ya Kijapani mara nyingi haimtaji mtendaji, na nomino nyingi hazionyeshi umoja wala wingi. Neno ushi ni ng'ombe tu, awe fahali, mtamba au anayekamuliwa. Asiyejua ufugaji anaweza kumpa ndama dawa ya mama yake. Kwa wanaozungumza kwa simu, shiryo ni chakula cha mifugo na pia ni nyaraka. Maandishi hutofautiana, matamshi ni yale yale.

Tarakimu ndizo hudanganya zaidi. Kiasi cha mbegu za malisho huko hutolewa kwa ari 10, yaani mita za mraba 1,000, karibu robo ekari. Mfugaji akisoma "kilo 3" na kudhani ni za ekari nzima, atapanda kilo 3 mahali pa kilo 12. Tarehe nazo mara nyingine hufuata miaka ya enzi. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, kwa hivyo 6.4.15 kwenye chupa huenda ni Aprili 15, 2024.

Chama cha Watafsiri wa Japani, JAT, kilichoanzishwa 1985, na kile cha Marekani, ATA, vina orodha za wanachama kwenye intaneti. Mtu hutafuta kwa lugha na taaluma. Asipoona mifugo, aangalie kilimo au udaktari wa wanyama. ATA pia hutoa mtihani wa kutafsiri Kijapani kwa Kiingereza. Cheti cha JLPT, mtihani unaofanywa hata Nairobi, ni kitu kingine: kinaonyesha mtu anaelewa Kijapani, lakini hapimwi kutafsiri.

Kabla ya kutoa kazi yote, ushirika umlipe mtafsiri kwa nusu ukurasa wa majaribio. Uangalie alivyoandika nyuboen, ugonjwa wa kiwele, na kyuyaku kikan, siku za kungoja baada ya dawa kabla ya kuuza maziwa. Hapo ndipo wageni wa fani huteleza. Mtafsiri mzuri huuliza maswali, tena mengi. Asiyeuliza hata moja anatia shaka. Bei huhesabiwa kwa herufi za Kijapani au kwa maneno ya Kiingereza, na ni vyema ijulikane mapema ni ipi.

Tafsiri ikishapatikana, daktari wa mifugo aisome kabla haijatumika. Dawa ambayo haijasajiliwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo haiwi halali kwa sababu lebo yake sasa inasomeka.