Sikio Kwanza: Mjadala wa Kundi Unaokadiriwa

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu nchini Kenya baada ya mtihani wa kidato cha nne huwa ametahiniwa katika karatasi tatu za Kiswahili: Insha, Lugha na Fasihi. Zote tatu hujibiwa kwa kalamu. Hata swali la isimujamii, ambalo aghalabu humpa mtahiniwa mazungumzo ya sokoni au mahakamani, humtaka aitambue sajili na kuziandika sifa zake. Halimtaki afungue kinywa. Si ajabu basi kwamba mhadhiri anapotangaza kuwa mjadala wa kundi utatiwa alama, wengi wetu huandika insha fupi, huikariri, kisha hungoja zamu ya kuitoa. Kundi la watu sita hutoa insha sita. Mmoja anapozungumza, watano waliosalia wanapitia mistari yao kimoyomoyo.

Makala haya yanashikilia kwamba udhaifu mkubwa wa mijadala yetu hauko kinywani bali sikioni.

Tuchukue mada iliyozoeleka: iwapo Sheng ni tishio kwa Kiswahili sanifu. Tuseme msemaji wa kwanza amedai kwamba Sheng haina sarufi. Wa pili anaingia: “Kwa maoni yangu, Sheng inaharibu insha za wanafunzi.” Sentensi hii haina kosa, ila isingebadilika hata kidogo kama wa kwanza angekuwa amenyamaza. Linganisha na hii:

“Mwenzangu amesema Sheng haina sarufi. Ikiwa nimemwelewa vyema, anamaanisha kwamba haifuati kanuni za Kiswahili. Lakini tutazame kitenzi ‘wamemanga’, yaani wamekula. Mzizi ni wa Sheng, ila kiambishi cha nafsi, cha hali na kiishio ni vile vile tunavyovijua. Pengine tatizo si sarufi, bali ni kuipeleka sajili ya kijiweni katika chumba cha mtihani. Sijui wenzetu waliorejea kutoka mazoezi ya kufundisha walikuta nini huko.”

Msemaji huyu amelirejelea dai la mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Kwa kusema “ikiwa nimemwelewa vyema” amempa nafasi ya kumsahihisha. Amepinga bila kumdhalilisha, tena kwa mfano unaoweza kuchunguzwa. Sentensi yake ya mwisho, ambayo mtahini mwenye haraka angeipuuza, ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa maoni yetu, kwani imewakabidhi wengine mjadala na kumpa mlango mtu ambaye huenda hakuwa na pa kuingilia.

Ustadi huu si mgeni katika utamaduni wa Kiswahili. Washairi wa pwani wamejibizana kwa tungo tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa na kabla yake. Anayejibu hulishika neno la mwenzake, mara nyingi pamoja na vina vyake, ndipo alipindue. Asiyelisikia shairi la kwanza hana la kujibu. Tunaisoma sanaa hiyo katika kozi za ushairi, kisha tunaiacha mlangoni tunapoingia katika semina!

Kuhusu zamu, wanasosholojia Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walionyesha mwaka 1974 kwamba wazungumzaji huweza kubashiri mahali ambapo zamu ya msemaji inaelekea kukamilika, kwa kuufuata muundo wa sentensi na kiimbo chake. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi mpole. Akingoja kimya kitimie ndipo aseme, atangoja hadi mhadhiri afunge daftari. Na aisikilize sauti inaposhuka na hoja inapokaribia kufungwa, kisha aingie kwa kauli fupi kama “Naomba kuongezea hapo hapo.” Huko si kukatiza. Kukatiza ni kuingia katikati ya wazo la mtu, na kosa hilo aghalabu hufanywa na wale wanaosifiwa kwa ufasaha.

Ufasaha wenyewe unahitaji tahadhari. Mwanafunzi wa Lamu au Mombasa hudhaniwa ameshinda kabla hajataja hoja, ilhali mwenzake wa bara anayetamka “kura” badala ya “kula” huchekwa. Matamshi ni kigezo halali, hasa yanapobadilisha maana kama hapa, lakini ni kigezo kimoja tu. Aliyechekwa mara moja huenda asiseme tena muhula mzima, na alama atakazokosa zitahesabiwa kuwa za ujinga wake. Wahadhiri wetu wangetusaidia kwa kututangazia mapema jinsi alama zinavyogawanywa, na kwa kutenga sehemu bayana ya kusikiliza.

Jambo hili linawahusu hasa wanaosomea ualimu. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, Kusikiliza na Kuzungumza ni miongoni mwa mada kuu za somo la Kiswahili. Watakaokadiria mazungumzo ya watoto hao ni sisi, ambao wengi wetu tulifika hapa bila kukadiriwa kwa mdomo katika mtihani wowote wa taifa.

Zoezi moja linatosha kuanzia. Watu watano wakutane, na asiruhusiwe mtu kutoa hoja kabla hajaieleza hoja ya aliyemtangulia hadi mwenyewe akubali kuwa imeelezwa sawasawa. Dakika za mwanzo zitachosha, tena zitaudhi. Wote wakiridhia, mjadala urekodiwe kwa simu. Wanapousikiliza tena, wasihesabu nani alisema sana. Wahesabu ni zamu ngapi zisingeweza kusemwa bila ile iliyozitangulia.