Kamasi ya Kahawia Tangini: Vidokezo 10 vya Kuwashinda Dinoflajelata Ukiwa Mutuini, Nairobi

Asubuhi mchanga wa tangi lako la matumbawe ni mweupe, unapendeza. Ukirudi jioni kutoka kazini, umefunikwa na utando wa kahawia unaoning'inia kama kamasi, na kila uzi umeshika kipovu nchani. Konokono wawili wamelala chali. Tumbawe ulilolibembeleza kwa miezi limejikunyata. Unafuta, unavuta uchafu kwa mpira, unalala ukiwa umeridhika. Kesho mchana, kamasi ile ile.

Hao ni dinoflajelata, viumbe wenye seli moja na mikia miwili ya kuogelea. Si wageni kwetu. Wanaofanya maji ya Kilifi Creek yametemete usiku wa giza ni ndugu zao. Rangi ya kahawia ya matumbawe nayo hutokana na ndugu zao wengine, wanaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha sukari wanayoitengeneza kwa mwanga. Kwa hiyo shida ya tangi lako si kwamba dinoflajelata wapo. Shida ni kwamba wamebaki peke yao. Paka akiondoka, panya hutawala, na vidokezo vyote hapa chini vinahusu kumrudisha paka.

1. Hakikisha ni wao kweli

Tangi jipya hupata vumbi la kahawia la diatomu, ambalo huja na kujiondokea lenyewe baada ya wiki chache. Usilipigie kelele. Dinoflajelata wana tabia yao: hupungua usiku, huzidi kadiri taa zinavyowaka, huteleza kama makamasi na kushika vipovu. Jaribio rahisi ni hili: vuta kiasi kidogo cha kamasi pamoja na maji ya tangi, tia kwenye chupa safi, tikisa kwa nguvu, kisha chuja kwa tishu. Yaweke maji yaliyochujika mahali penye mwanga kwa muda wa saa moja hivi. Kamasi ikianza kujikusanya tena kuwa nyuzi, una dinoflajelata.

2. Azima hadubini

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa. Aina zinazosumbua matangi ni chache, na kila moja ina dawa yake. Shule za sekondari zina hadubini kwenye maabara. Mwalimu wa baiolojia ukimwendea kwa heshima, na kichupa cha viumbe hai mkononi, atakukaribisha. Kuza mara 100 hadi 400, kisha piga video kwa simu kupitia kioo cha kutazamia. Ostreopsis wana umbo la tone la maji na huzunguka papo hapo kana kwamba wamefungwa kamba. Amphidinium ni wa mviringo uliobinyika na huteleza huku na huku. Coolia ni wa duara zaidi. Prorocentrum wanafanana na yai lenye doa katikati.

3. Acha kusafisha kupita kiasi

Hapa ndipo tunapojiumiza, maana sisi tumelelewa kuamini kwamba uchafu unaondolewa kwa kusuguliwa. Matangi mengi yenye janga hili yana nitrati na fosfati zilizoshuka hadi sifuri. Lishe ikiisha majini, mwani wa kawaida na bakteria wema hufa njaa na kuacha uwanja wazi. Dinoflajelata hustahimili, kwa sababu wengi wao hula kwa mwanga na pia humeza viumbe wadogo. Basi simamisha kubadilisha maji kwa muda, ondoa kemikali ya kunyonya fosfati, na upunguze saa za mashine ya kutoa povu. Kamasi yenyewe endelea kuivuta kwa mpira, ukipitisha maji kwenye soksi ya kuchujia na kuyarudisha tangini.

4. Rudisha lishe, lakini mbolea ya shamba ibaki shambani

Lenga nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfati ya takriban miligramu 0.05 hadi 0.1. Anza kwa kuwaongezea samaki chakula. Kisipotosha, tumia nitrati na fosfati zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Pima kila siku mwanzoni, kwa kuwa mawe mapya hunyonya fosfati na kipimo cha jana hakikuambii cha leo.

Najua agroveti iko karibu na bei yake inavutia. Usijaribu. Mbolea za CAN na DAP zina amoniamu ndani yake, na katika maji ya chumvi, ambayo pH yake iko juu, sehemu yake hugeuka amonia, sumu kali kwa samaki. Mfuko huo upelekee sukuma wiki.

5. Chagua silaha kulingana na aina

Ukiona Ostreopsis, taa ya UV ndiyo rafiki yako. Usiku hawa huachia mawe na mchanga na kuelea majini, na wakipita kwenye taa hiyo hufa. Wafugaji wengi huhesabu takriban wati 1 kwa kila lita 10 hadi 12. Pampu ivute maji kutoka kwenye tangi lenyewe na kuyarudisha humo humo, wala si kwenye chombo cha kuchujia kilicho chini ya tangi tu.

Ukiona Amphidinium wale wakubwa, taa hiyo haitakusaidia sana kwa sababu hujificha mchangani. Hapo wengi huongeza silika hadi kufikia miligramu 1 au 2 kwa lita, ili diatomu zistawi na kuwanyang'anya mchanga. Ndiyo, unakaribisha vumbi la kahawia kwa hiari yako. Diatomu huliwa na konokono. Dinoflajelata huwaua konokono.

6. Jua maji yako yanatoka wapi

Maji ya mfereji, yawe yametoka Ndakaini, Sasumua au chemchemi za Kikuyu, hutiwa klorini. Maji ya visima virefu vya Nairobi yamepita kwenye miamba ya volkano, kwa hiyo mara nyingi hubeba floraidi nyingi na silika usiyoijua kipimo chake. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yanaweza kuleta zinki, na konokono, kamba na matumbawe hawaivumilii. Yote matatu yapitishe kwenye mashine ya RO na kichujio cha mwisho cha kuondoa madini kabla ya kutia chumvi. Na kwa sababu mgao wa maji ni sehemu ya maisha yetu, weka akiba ya mitungi miwili mitatu ya maji yaliyokwisha chujwa. Janga halingoji siku ya mgao.

7. Giza la siku tatu, si dawa peke yake

Zima taa na ufunike tangi kwa blanketi nzito kwa siku tatu. Kamasi itapungua sana, utataka kushangilia. Lakini ukiwasha taa huku lishe bado iko sifuri, itarudi ndani ya wiki moja au mbili. Giza hufaa likienda sambamba na kidokezo cha 4 na cha 5. Ukirudisha mwanga, uurudishe polepole, saa chache kwa siku.

8. Wape samaki pumzi

Jambo hili vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilitaji. Mutuini tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko maji ya Mombasa. Dinoflajelata wengi wakifa kwa pamoja, bakteria wanaowaozesha hula hata hiyo kidogo iliyopo. Kwa hiyo kabla ya kufunika tangi au kuwasha UV, elekeza pampu ivuruge uso wa maji, na uongeze jiwe la hewa.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Stima ikipotea usiku wa Julai, baridi inaposhuka hadi nyuzi 12 hivi, tangi linapoteza joto na pumzi kwa mpigo. Blanketi pembeni, pampu ya betri ndani, na samaki watafika asubuhi.

9. Linda mapafu na mikono yako

Baadhi ya viumbe hawa hutoa sumu. Mwaka 2005 huko Genoa, Italia, watu zaidi ya 200 walitafuta matibabu baada ya kuvuta hewa ya ufukweni wakati Ostreopsis walipochanua baharini. Tangi la sebuleni ni dogo, lakini tahadhari haigharimu kitu. Vaa glavu. Usianzishe mpira kwa kunyonya na mdomo kama tunavyofanya na mafuta ya taa. Usichemshe mawe ya tangi jikoni. Mvuke wake unaweza kubeba sumu. Weka kaboni kwenye kichujio na uibadilishe mara kwa mara. Maji machafu yamwage chooni, si mtoni wala kwenye majani ya ng'ombe.

10. Omba moto kwa jirani

Zamani moto ukizima jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa moja. Tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu na mchanga wa pakiti ni jiko lisilo na kaa. Mtafute mfugaji mwenye tangi la miaka kadhaa lenye afya, umwombe kipande cha jiwe na kikombe cha mchanga. Humo mna bakteria, minyoo, kopepodi na mwani wa kila aina, jeshi ambalo hakuna chupa ya dukani inayolifikia. Ongeza kopepodi hai na fitoplanktoni kila wiki ukiweza.

Ila usiende kung'oa mwambani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968, na tunafuga matumbawe kwa sababu tunayapenda yalipo.

Baada ya hapo, subiri. Vita hivi huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Siku utakapoona mwani wa kijani umeanza kushika kioo, usikimbilie kitambaa. Kaa chini, mwite mwenzako aje auone. Hilo ndilo kaa la jirani, limewaka.