Andika Mnada Mara Moja, Uutumie Kwenye Michezo Mingi

Modern Art, mchezo wa mezani wa Mjerumani Reiner Knizia uliotoka mwaka 1992, una aina tano za mnada ndani ya boksi moja. Wachezaji ni wauzaji wa picha, na kila kadi ina alama inayoonyesha picha hiyo inauzwaje. Upo mnada wa wazi, ambapo yeyote anapandisha bei wakati wowote mpaka wote wanyamaze. Upo wa mzunguko mmoja: kila mtu anataja dau mara moja tu, kuanzia aliye kushoto kwa dalali, yaani mchezaji anayeuza, na dalali mwenyewe anamalizia. Upo wa siri, fedha zikifichwa kwenye ngumi na kufunuliwa kwa pamoja. Upo wa bei iliyotajwa, ambapo dalali anasema bei yake na wa kwanza kuikubali anachukua; wakikataa wote, dalali analazimika kuinunua yeye kwa bei hiyohiyo. Wa tano ni wa picha mbili za msanii mmoja zinazouzwa kwa mpigo.

Mtengeneza programu anayetaka kuuingiza mchezo huu kwenye simu au kompyuta atashawishika kuandika vipande vitano vya msimbo. Asome sheria tena. Ule wa tano si namna ya kuuza hata kidogo: alama ya kadi ya pili ndiyo inayoamua mnada utaendaje. Kilichobadilika ni mzigo tu, kwamba sasa kuna picha mbili. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutenganisha ni mali inayouzwa na utaratibu wa kuiuza. Injini ya mnada haina haja ya kujua kama mezani pamewekwa picha, mtambo wa umeme au kampuni ya reli.

Injini yenyewe inajibu maswali matatu: nani anaruhusiwa kusema sasa hivi, dau lipi linakubalika, na mnada unafungwa lini. Malipo yaache nje. Kwenye Modern Art mnunuzi anamlipa dalali, lakini dalali akishinda mwenyewe fedha zinakwenda benki. Kwenye Power Grid ya Friedemann Friese (2004) kila malipo yanakwenda benki. For Sale ya Stefan Dorra (1997) ndiyo inayowaumbua wengi: katika awamu yake ya kwanza anayejitoa anachukua nyumba ya thamani ya chini kabisa iliyobaki mezani na kulipa nusu tu ya alichotaja, na wa mwisho kubaki analipa chote. Hapo kujitoa nako kuna gharama. Injini itangaze tu kwamba mchezaji fulani amejitoa na dau lake lilikuwa kiasi fulani, kisha sheria za mchezo husika ziamue la kufanya. Hata swali la kuviringisha nusu kwenda juu au chini liwe la mchezo.

Kosa linalogharimu zaidi ni kutangaza tangu siku ya kwanza kwamba dau ni namba kamili. Kwenye Ra, mchezo mwingine wa Knizia (1999), unaweka dau kwa kibao cha jua chenye namba, na ukishinda kibao chako kinabaki katikati ya meza, nawe unachukua kilichokuwapo. Kwenye High Society (1995) unaweka dau kwa noti ulizonazo mkononi na hakuna chenji. Ukitaka kupanda unaongeza noti juu ya zile ulizokwisha kuweka. Basi dau liwe kitu kinachojua kujilinganisha na kingine. Ukilifanya hivyo utaona kwamba mnada wa Ra na ule wa mzunguko mmoja wa Modern Art ni kitu kimoja: kila mtu mara moja, aliyeuanzisha anamalizia. Tofauti iko wanaponyamaza wote. Dalali wa Modern Art anapata picha bure, ila aliyeita mnada wa Ra kwa hiari yake lazima ataje dau. Hicho ni kigezo kimoja cha kupitisha, hakihitaji faili jipya.

Orodha ya wanaoshiriki nayo itoke nje ya injini. Kwenye Power Grid aliyekwisha kununua mtambo hashiriki tena mpaka raundi ijayo. Sare pia: katika mnada wa siri wa Modern Art, dalali aliyefungana na wengine ndiye mshindi, na kama hayumo anashinda aliye karibu naye kwa mwendo wa saa.

Mtihani mgumu ni 1830 ya Francis Tresham (1986), ambako kampuni kadhaa ndogo zinanadiwa kwa wakati mmoja. Unaweza kununua ya bei ya chini papo hapo, au kuweka dau juu ya nyingine kwa kupanda angalau dola 5. Dau hilo linafunga fedha zako. Programu inayoangalia salio peke yake, bila kutoa fedha zilizokwisha kuahidiwa, itamruhusu mtu kuweka dau kwa fedha asizonazo. Msimbo wa 18xx.games, tovuti ya kuchezea 1830 na michezo ya jamii yake, ulioandikwa kwa Ruby, uko wazi kwa kila mtu, na mnada wa namna hii umewekwa humo kama hatua inayojitegemea. Unafaa kusomwa.

Mtandao unaleta mawili zaidi. Madau ya siri yabaki kwenye seva mpaka wote wawe wameweka. Ukiyatuma kwenye simu za wachezaji na kuyaficha kwenye skrini tu, mjanja mmoja atafungua zana za kivinjari na kuyasoma. Mnada wa wazi nao unampendelea mwenye intaneti ya kasi. Wengine huweka saa inayoanza upya kila dau linapotajwa. Wengine humwachia mchezaji aweke kikomo chake, seva impandishie. Kikomo kinafaa kwa mchezo unaochezwa kwa siku kadhaa, lakini kwenye Modern Art kinapoteza utamu, kwa sababu fedha unazotoa zinaweza kumtajirisha mpinzani na unataka kumwona anavyosita.

Usianze kuandika ukiwa na kitabu kimoja cha sheria. Weka mezani Modern Art, Ra na For Sale, kisha andika majaribio ya hali za pembeni: wote wamekataa, aliyebaki ni mmoja, madau yamefungana, mchezaji amekatika hewani. Injini ikipita kwenye michezo yote mitatu bila mstari wake kuguswa, iko tayari kwa wa nne.